UZI: Kutabiri theluji na wimbi la baridi Seattle na ukanda mzima wa Puget Sound. Wajuzi tuchambue

#1 Baharini47

Heshima kwenu wakuu.

Ikifika Desemba maswali ni yale yale. Simu inasema Jumatano theluji inchi 8, je, watoto wabaki nyumbani? Jumatano inafika, mvua tupu. Wiki inayofuata simu imenyamaza kimya, asubuhi magari hayapandi Kent East Hill. Nimefungua uzi huu tuchambue theluji na baridi kali vinavyotabiriwa kuanzia Olympia hadi Bellingham, huku jimbo la Washington, Marekani. Wenzetu wa Surrey na Burnaby, Kanada, karibuni pia, maana baridi yetu inapita kwenu kabla haijatufikia. Atakayebandika ramani ataje ni modeli gani (programu ya kompyuta ya kutabiri hali ya hewa) na ya saa ngapi, vinginevyo tutakuwa tunabishana hewani.

Naanza na msingi. Seattle iko latitudo 47.6 kaskazini, juu kabisa ya Chicago, lakini wastani wa theluji Sea-Tac, uwanja wetu wa ndege, kwa mwaka ni kama inchi 6 tu. Magharibi yetu kuna Pasifiki, ambayo hata Januari maji yake yana nyuzi 8 hadi 10 za Selsiasi. Mashariki kuna milima ya Cascade inayoizuia hewa ya bara isitumwagikie. Upepo ukitoka baharini unaleta mvua na joto. Ukitoka bara unaleta baridi na ukavu. Theluji huku bondeni inataka unyevu wa bahari na baridi ya bara kwa wakati mmoja, na kwa kawaida kimoja kikiingia kingine kinatoka. Kwa hiyo swali la kwanza la mtabiri wa huku ni upepo wa chini utatoka wapi saa ile mvua inapoanza. Nyuzi ngapi ni swali la pili.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya baharini: mgandamizo mkubwa wa hewa unakaa baharini karibu na longitudo 140 hadi 150 magharibi, hewa inauzunguka kwa juu huko Alaska, kisha inateremka kufuata pwani ya British Columbia (BC), Kanada. Hapo angalia joto la ngazi ya hPa 850 (hektopaskali, kipimo cha mgandamizo wa hewa), ambayo ni kama mita 1,400 juu. Kwa upepo wa baharini unataka -7 au -8. Hesabu yake ni rahisi: joto hupanda kama nyuzi 6.5 kwa kila kilomita unayoshuka, hivyo -7 kule juu ni 2 usawa wa bahari. Chembe ya theluji huvumilia kama mita 300 chini ya mstari wa sifuri kabla haijayeyuka yote. Ndiyo kusema -7 ni ukingoni kabisa. Ukiona -5 na upepo wa kusini magharibi, hiyo ni mvua, hata simu ikichora chembe nyeupe kumi.

Kuna ramani nyingine ya unene wa hewa kati ya hPa 1000 na hPa 500. Waliozoea New York wanatafuta mstari wa 540 (dekamita, yaani mita 5,400). Huku 540 ni mvua ya kawaida ya Januari. Tafuta 522 au chini yake.

Njia ya pili ni ya Fraser. Hiyo namwachia mtu wa BC.

#2 Kaskazi_Surrey

Nimeitika mkuu.

Mto Fraser umepasua milima kutoka nyanda za ndani za BC hadi pwani. Hewa nzito ya aktiki ikijaa kule ndani, inatokea kwenye mpasuko huo na kumwagika Abbotsford, Sumas, Lynden, Bellingham, kisha visiwa vya San Juan. Ni upepo wa kaskazini mashariki, mkali na mkavu. Ukifika Seattle umeshapungua nguvu na umegeuka wa kaskazini, lakini baridi yake imebaki.

Kipimo chake ni tofauti ya mgandamizo wa hewa kati ya Kelowna, huko nyanda za ndani, na Bellingham. Chukua Kelowna, toa Bellingham. Ikizidi hPa 10, Lynden watu wanafunga mabati. Msiangalie tarakimu ya sasa peke yake, angalia mwendo wake kila saa tatu: ikiendelea kupanda, baridi bado inakuja. Ikianza kushuka wakati mawingu yanaingia kutoka baharini, hapo ndipo kazi ya kutabiri inapokuwa ngumu, kwa sababu baridi inaondoka na unyevu unawasili.

Jambo ambalo watu hawalitambui: kwa njia hii ya pili ile -7 ya Baharini47 haihitajiki. Baridi ya Fraser ni nyembamba, mara nyingi haifiki mita 1,000 kwenda juu. Unaweza kuwa na -3 kwenye hPa 850 na bado theluji ikaanguka vizuri, kwa sababu chini kuna -4 na hewa ni kavu. Mtu anayesoma hPa 850 pekee atasema mvua, na atakosea.

Na wimbi la baridi la namna hii mara nyingi ni kavu katikati. Theluji huja kwenye milango yake miwili. Kuingia, sehemu ya mbele ya hewa ya aktiki inapofika, inaanguka kwa saa chache, nyepesi, halafu jua na upepo siku kadhaa. Kutoka, mfumo wa Pasifiki unapopanda juu ya ile baridi iliyolala chini, hapo ndipo zinapoanguka zile nzito. Desemba 1996 ndiyo mfano mkubwa: tarehe 29 Victoria ilipata zaidi ya sentimita 60 ndani ya siku moja, mji ambao kwa kawaida una maua Februari.

#3 DerevaWa405

Wakuu shukrani, ila mnatupandisha ngazi ya hPa 850 wakati sisi tuko barabarani. Hebu tupeni kitu cha kuangalia kwenye simu bila kusomea digrii. Tena mimi nataka kujua yale maji ya chumvi wanayomwaga barabarani yanasaidia lini na lini yanakuwa kazi bure.

#4 Baharini47

DerevaWa405, achana na picha za mawingu kwenye programu ya simu. Fungua taarifa za viwanja vya ndege, zinatoka kila saa, Sea-Tac inatoka dakika ya 53. Alama zenyewe: KSEA ni Sea-Tac, KOLM Olympia, KTIW Tacoma Narrows, KBFI Boeing Field, KRNT Renton, KPAE Everett, KBLI Bellingham, KHQM Hoquiam, KAST Astoria.

Ukikuta 02010KT, upepo unatoka digrii 020, yaani kaskazini na kuelemea mashariki kidogo, kwa noti 10 (maili za baharini kwa saa). Ukikuta 01/M06, joto ni 1, joto la umande (ambalo hewa ikipoa hadi hapo unyevu wake unaanza kuwa maji) ni -6. Herufi M ni hasi. SN ni theluji, RA mvua, FZRA mvua inayoganda ikigusa chini, PL chembe za barafu. SLP152 ni mgandamizo wa hPa 1015.2. Kwa hizo SLP unapata tofauti zote tunazozitaja humu bila kununua kitu.

Upepo wa joto huku hupanda kutoka kusini. Unaanza Olympia, unakuja Tacoma Narrows, ndipo Sea-Tac. Kama theluji inaanguka Tukwila na KOLM imegeuka kutoka 030 kwenda 190, joto lake limeruka kutoka 0 hadi 3, basi kwenu imebaki saa moja hadi tatu. Toa SLP ya Bellingham kwenye ile ya Portland: ikiwa hasi, upepo wa kaskazini unaendelea, ikivuka sifuri na kuwa chanya, kusini imeshika usukani.

Maji ya chumvi: yanayotumika kwa kawaida yana chumvi asilimia 23.3, kwa sababu ndio mchanganyiko unaoganda nyuma kabisa, karibu -21. Yanamwagwa kabla, barabara ikiwa kavu, ili theluji isishikane na lami. Shida ya Seattle ni kwamba theluji yetu nyingi huanza kama mvua. Mvua ya saa mbili inayaosha yote yaende mtaroni. Kwa hiyo ukisoma utabiri wa mvua kugeuka theluji usiku, usitegemee yale maji ya mchana. Baridi ikishuka chini ya -9 hivi, chumvi ya mawe nayo inazubaa, ila huku kufika huko ni nadra.

#5 MamaTukwila

Hapo kwenye 01/M06 mmepapita haraka, na ndipo penye siri yenyewe.

Joto la hewa kabla mvua haijaanza si joto litakalokuwepo ikishaanza. Matone yakipita kwenye hewa kavu sehemu yake inakuwa mvuke, na mvuke unakula joto. Hewa inapoa hadi joto la utambi, yaani lile la kipimajoto kilichovishwa utambi wa pamba wenye maji. Kanuni ya mkononi kwa joto la karibu na sifuri: chukua joto la hewa, toa joto la umande, gawanya kwa tatu, kisha uondoe kwenye joto la hewa. Joto 3, umande -6: tofauti 9, theluthi yake 3, jibu ni 0. Hiyo ni theluji, japo kipimajoto cha gari kinaonesha 3 (Fahrenheit 37) na kila mtu anakucheka. Sasa chukua joto 2, umande 1: jibu ni karibu 1.7. Hewa ni ya baridi zaidi kuliko ile ya kwanza, lakini hiyo ni mvua.

Jibu likiwa 0.5 au chini, theluji inashika kwenye majani na paa. Kati ya 0.5 na 1 unapata mchanganyiko unaolowanisha. Juu ya hapo isahau, isipokuwa mvua iwe kubwa sana: chembe nyingi zikiyeyuka pamoja nazo zinaipoza hewa, na mstari wa theluji unashuka ghafla. Ndiyo sababu mvua ndogo inabaki mvua, na dakika kumi za mvua kubwa zinageuka mabonge meupe, kisha ikipungua inarudi kuwa mvua.

Anayetaka kupima mwenyewe: vipimajoto viwili vinavyolingana (viache pamoja saa moja uvithibitishe), kimoja kivishe utambi wa pamba, maji yaliyochujwa, pepea kwa feni ndogo dakika tatu hadi tano ndipo usome. Makosa ya kawaida ni maji ya bomba yanayoacha chokaa kwenye utambi, utambi kukauka, na kukaa karibu na ukuta wa nyumba unaotoa joto. Chini ya sifuri utambi unaganda na tarakimu inakwama kwenye 0 kwa muda. Subiri igande yote ndipo usome. Kipimajoto kining'inie kama mita 1.5 juu ya majani, kivulini, si juu ya lami ya maegesho.

#6 MkaaKilimani

Nyongeza kwa mama: kimo. Uwanja wa Sea-Tac uko mita 132 juu ya bahari. Bonde la Kent liko karibu usawa wa maji. Hiyo tofauti ni kama nyuzi 0.8. Joto la utambi likiwa 1 pale IKEA ya Renton, kule mji wa SeaTac na East Hill ni 0.2. Ndiyo maana watu wa familia moja wanatumiana picha za theluji na za mvua saa ileile na kila mmoja anaona mwenzake muongo.

Siku za Fraser hesabu hii inaweza kugeuka, bonde likawa na baridi kuliko kilima. Angalieni upepo kwanza.

#7 RadaYaCamano

Naingia kwenye njia ya dhoruba, kwa sababu hapa ndipo utabiri wa siku mbili unapovunjika.

Baridi ikiwa imelala na mgandamizo mdogo wa hewa unakuja kutoka Pasifiki, kila kitu kinategemea unatua wapi. Ukitua karibu na Astoria, mdomo wa mto Columbia, Seattle inabaki upande wa kaskazini wake, upepo unavuta kutoka kaskazini na mashariki, baridi inajazwa tena, theluji. Ukitua Kisiwa cha Vancouver, sisi tuko kusini yake, upepo wa kusini unafuta baridi yote, mvua. Ukiteremka sana hadi katikati ya Oregon, unyevu unaishia Olympia na Seattle inabaki kavu na baridi. Kati ya Astoria na ncha ya kusini ya Kisiwa cha Vancouver ni kilomita 250 hivi. Modeli ya siku tatu kabla kukosea kiasi hicho ni jambo la kawaida kabisa, kwa hiyo anayekutajia inchi siku tatu kabla anakutajia namba ya bahati nasibu.

Yakibaki masaa, soma maboya. Boya 46029 liko nje ya mdomo wa Columbia, 46041 liko nje ya Cape Elizabeth. Mgandamizo ukishuka haraka 46029 na 46041 bado ina upepo wa mashariki, dhoruba inapita kusini, kaa mkao wa theluji. 46041 ikishuka haraka zaidi na Hoquiam ikageuka kusini, funga kitabu.

Modeli zenyewe. GFS, modeli ya Marekani ya dunia nzima, inaigawa ramani kwa miraba ya kilomita 13. Kwa miraba hiyo Cascade inakuwa kama kilima kilicholainishwa na mpasuko wa Fraser hauonekani sawasawa, kwa hiyo mara nyingi inaivusha baridi ya bara kirahisi kuliko hali halisi. Ile picha ya -12 Seattle siku kumi mbele ni ya hapo. Itumieni kuona umbo la hali ya juu tu. Ya Ulaya ni bora kwa siku tatu hadi saba, na ina kundi la majaribio 51. GFS ina 31. Hesabuni ni mangapi kati ya hayo yanayotoa theluji badala ya kuabudu ramani moja. Yakiwa 8 kati ya 51, ni habari ya kufuatilia. Yakiwa 35 na jana yalikuwa 20, nunua mkate.

Ndani ya saa 48 hamieni kwenye modeli za karibu: WRF ya Chuo Kikuu cha Washington, ambayo inafika miraba ya kilomita 1.33 na milima yote inaonekana. HRRR ya Marekani, kilomita 3, inayotoka kila saa, na ile ya saa 10 alfajiri, saa 4 asubuhi, saa 10 jioni na saa 4 usiku zinakwenda mbele hadi saa 48. Na HRDPS ya Kanada, kilomita 2.5, ambayo kwa Bellingham na bonde la Fraser naiamini zaidi. Puto la hali ya hewa la Quillayute, kule pwani, linatoa vipimo vya saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Hicho ndicho kipimo halisi cha hewa ya juu kilicho karibu nasi. Kama modeli ilisema -8 kwenye hPa 850 na puto limeona -5, modeli yote ya jioni hiyo ipunguzieni imani.

Na zile ramani za "jumla ya theluji" mitandaoni: nyingi zinachukua kila milimita 1 ya maji na kuifanya sentimita 1 ya theluji, hata chembe za barafu zinahesabiwa humo. Theluji yetu ya nyuzi 0 ni nzito, uwiano wake mara nyingi ni 5 hadi 8 kwa 1. Punguza theluthi kabla hujashtuka.

#8 Mswahili_Everett

Mmewasahau watu wa kaskazini. Huku kuna kitu hakihitaji dhoruba wala Fraser.

Baada ya sehemu ya mbele ya baridi kupita, upepo wa pwani unageuka magharibi au kaskazini magharibi. Unagonga milima ya Olympic, unagawanyika, mmoja unapita mlango bahari wa Juan de Fuca, mwingine unazunguka kusini kupitia bonde la Chehalis, kisha inakutana tena Puget Sound, mara nyingi kati ya Everett na kaskazini mwa Seattle. Ikigongana haina pa kwenda ila juu. Unapata mkanda mwembamba wa mvua au theluji, Lynnwood inchi 5, na Renton jua limewaka.

Dalili: Hoquiam upepo kati ya 270 na 320, KPAE unatoka kaskazini magharibi, KSEA bado unatoka kusini. Hapo zipo pande mbili zinazogongana, tafuta mstari kwenye rada. HRRR inauona vizuri kwa saa sita, lakini mahali pake inaweza kukosea kilomita 20, na kilomita 20 huku ni mji mwingine. Mkanda ukisogea kusini usiku, SeaTac nayo inaonja.

RadaYaCamano hebu waeleze ule mduara wa rada, kila mwaka kuna mtu anauona na kupiga kelele kuwa dhoruba kubwa imewazingira.

#9 RadaYaCamano

Rada zetu ni mbili za kuangalia: Camano Island, na Langley Hill karibu na Hoquiam iliyoanza kazi 2011. Kabla ya hiyo ya pili, milima ya Olympic ilikuwa inatuficha yanayokuja kutoka baharini.

Chembe ya theluji inapoanza kuyeyuka inavaa koti la maji, rada inaiona kama tone kubwa mno. Kwa hiyo kwenye kimo cha kuyeyuka unapata mduara wenye rangi kali kuizunguka rada. Si dhoruba, ni mstari wa kuyeyuka. Na una faida: mduara ukisinyaa kuelekea katikati, mstari wa kuyeyuka unashuka. Kuna picha nyingine ya ulinganifu wa chembe, ambayo theluji tupu au mvua tupu hukaa karibu na 1 na tabaka la kuyeyuka hushuka chini ya 0.95. Tazameni hiyo kila dakika 15, mtajua theluji inafika kwenu lini kuliko programu yoyote ya simu.

#10 Jiko_la_Burien

Wakuu, mwaka wa La Niña, Pasifiki ya ikweta ikipoa kuliko kawaida, si ndio theluji? Mbona mnahangaika na maboya?

#11 Baharini47

La Niña inaongeza uwezekano, haitoi tarehe. 2008-09, 2010-11, 2011-12, 2020-21 na 2021-22 zote La Niña, na zote zilikuwa na theluji ya kukumbukwa bondeni. Januari 1950 pia, ambapo tarehe 13 Sea-Tac ilipata inchi 20 kwa siku moja na tarehe 31 ikashuka hadi Fahrenheit 0. Mpaka hapo uko sawa.

Sasa tazama upande wa pili. Januari 1969, inchi 45.4 kwa mwezi mmoja, ilikuwa El Niño, kinyume chake, bahari hiyo ikipata joto. Februari 2019, inchi 20.2, shule zimefungwa siku na siku, El Niño dhaifu. Ukanda unaopata inchi 6 kwa mwaka unahitaji siku nne tu za bahati kuvunja wastani wa miaka mitatu, na hizo siku nne hazisubiri kibali cha joto la bahari huko ikweta. Itumie La Niña kuamua kama ununue minyororo ya matairi Oktoba. Kwa Jumatano ijayo haikusaidii.

#12 MtoColumbia

Salamu kutoka Portland. Ninyi mna Fraser, sisi tuna korongo la Columbia, na sisi tunalipia kwa barafu.

Mgandamizo wa The Dalles, mji wa upande wa mashariki wa korongo, ukizidi wa Portland, hewa baridi ya mashariki inapita korongoni. Tofauti ikikaribia hPa 10, Troutdale hakusimamiki. Mfumo wa Pasifiki unapokuja, juu kunapata joto, tuseme 3 au 4 kwenye hPa 850, theluji inayeyuka yote, inakuwa tone, kisha inaingia tabaka la -3 lililolala chini. Tabaka likiwa nene, tone linaganda hewani na kuanguka kama punje. Likiwa jembamba, linafika likiwa maji ya chini ya sifuri na kuganda likigusa waya, tawi au kioo cha gari. Modeli zenye miraba mikubwa huliondoa tabaka hili mapema mno. Kanuni yetu: korongo likiendelea kusukuma, ongeza saa sita hadi kumi na mbili kwenye muda ambao modeli inasema barafu itaisha.

Seattle msijione mko salama. Tarehe 23 Desemba 2022 ilikuwa hivyohivyo kwenu, mpaka njia za kurukia ndege za Sea-Tac zikafungwa kwa muda. Januari 19, 2012 pia, siku moja baada ya theluji.

#13 MamaTukwila

Ni kweli. Kwa kusini mwa King County angalieni pia mgandamizo wa Yakima, mashariki ya Cascade, dhidi ya Sea-Tac. Yakima ikiwa juu, hewa ya mashariki inapenya kwenye mapito ya Cascade na kutokea North Bend na Enumclaw. Kwa hiyo Maple Valley na Covington huweza kubaki chini ya sifuri saa tatu baada ya Tukwila kuyeyuka.

#14 Kipimo_Sahihi

Ombi: mkileta namba za theluji mpime kwa utaratibu mmoja. Ubao mweupe wa sentimita 40 kwa 40, mahali wazi, mbali na paa na miti. Pima kabla haijaanza kuyeyuka, futa ubao mara moja kila saa sita, si zaidi ya mara nne kwa siku. Ukifuta kila saa unapata jumla kubwa ya uongo, kwa sababu theluji haijapata nafasi ya kujishindilia. Kisha chota ya juu ya ubao, yeyusha, pima maji. Sentimita 10 za theluji zikitoa milimita 15 za maji, uwiano ni karibu 7 kwa 1, hiyo ni nzito ya kuvunja matawi. Boneti ya gari si kipimo.

#15 DerevaWa405

Nimewaelewa vizuri sana. La mwisho: theluji imeisha jana, mchana imeyeyuka, mimi natoka saa 10 alfajiri. Najuaje kama barabara itakuwa kioo?

#16 Baharini47

Soma mambo manne saa 4 usiku. Anga: mawingu yakifunguka, ardhi inapoteza joto haraka. Upepo: chini ya noti 5 hewa baridi inatulia mabondeni. Joto la umande: likiwa -2 au chini, hakuna ukungu wa kuzuia joto lisishuke. Na je, bado kuna theluji ardhini? Ikiwepo, teremsha utabiri wa simu kwa nyuzi 2 au 3, hasa bonde la Kent na pembezoni mwa Green River.

Kipimajoto kiko mita 1.5 juu, lami yenyewe inaweza kuwa chini ya sifuri hewa ikisoma 2. Kwa hiyo hewa ikiwa 2 na anga safi, hesabu madaraja yameganda, kwa sababu yanapoa juu na chini. Maji yaliyoyeyuka mchana kutoka kwenye malundo ya kando ya barabara yanavuka lami na kuganda hapo hapo, kwa hiyo hatari zaidi ni mahali palipokuwa pamelowa saa 11 jioni kuliko mahali palipokuwa na theluji. Januari jua ni dogo, kivuli cha miti upande wa kaskazini wa kilima hakikauki siku tatu. Februari jua limepata nguvu, lami iliyo wazi inakauka kufikia saa 8 mchana, na hiyo iliyokauka usiku wake haina cha kugandisha.

Upepo ukibaki noti 8 au zaidi usiku kucha na umande uko chini, barabara nyingi zitakauka zenyewe kwa ukavu huohuo. Ngazi za nje za apatimenti hazimo kwenye hesabu hiyo, zimwagie chumvi kabla hujalala.

#17 Kaskazi_Surrey

Kelowna toa Bellingham saa hii ni hPa 6 na inapanda. Tuonane kesho asubuhi na namba za puto.